Mguu Unaopiga Cherehani: Kutuliza Woga Siku ya Mtihani wa Udereva

Mtu anaweza kuendesha gari la shule ya udereva wiki tatu mfululizo bila kulizima hata mara moja, halafu siku ya mtihani wa NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani ya Kenya, likamzimikia mara tatu kabla hajatoka pale alipoegeshewa. Hajasahau chochote. Kilichobadilika ni mguu wake wa kushoto.

Kumwambia mtu kama huyo "tulia, usiogope" hakumsaidii, kwa sababu woga wa mtihani haukai kichwani peke yake. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, misuli ikakaza, viganja vikaloa jasho, macho yakang'ang'ania kilicho mbele na kusahau vioo vya pembeni. Kila badiliko kati ya hayo lina mahali pake linapoharibu kazi ndani ya gari, na kila moja lina dawa yake, nyingi zikiwa za mikono na miguu. Haya yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mtihani wa gari dogo la gia za kawaida hapa Kenya. Anayefanyia kwenye lori atayakuta yaleyale, ila klachi ni nzito zaidi.

Siku tano za mwisho

Kosa la kawaida ni kuongeza saa za kuendesha. Kama tayari unaweza kuondoa gari, kubadilisha gia na kuegesha, saa za ziada kwenye barabara ileile hazitakupunguzia woga. Kinachokutisha siku hiyo ni mazingira mageni, kwa hiyo fanyia mazoezi mazingira yenyewe.

Kwanza, jaza viti vya nyuma. Mara nyingi watahiniwa huingia garini kadhaa kwa pamoja na kupokezana usukani, ilhali mazoezini ulizoea kuwa na mwalimu peke yake. Watu watatu wa kilo 65 ni karibu kilo 200 za ziada. Gari lenye injini ndogo huusikia uzito huo, hasa likiwa limesimama kwenye mwinuko: linataka mafuta zaidi kidogo na klachi iachiliwe polepole zaidi. Asiyejua hilo huachilia klachi kama alivyozoea, gari likazima, naye akadhani ni mkosi. Halafu kuna macho. Ukishaendesha mara mbili tatu huku wenzako wamekaa nyuma wakikutazama, macho hayo hupoteza makali yake.

Pili, mwombe mwalimu anyamaze. Siku zote amekuwa akikuimbia, "klachi... gia ya pili... polepole, polepole," na sikio lako limeizoea sauti hiyo kama kijiti cha kutembelea. Mtahini hutoa maagizo mafupi kisha hunyamaza akiandika. Kimya hicho huwashtua watu wakadhani wameshaanguka. Dakika 20 za kuendesha na mwalimu ambaye hasemi lolote isipokuwa "kata kushoto mbele" zitakuonyesha ni mambo gani ulikuwa ukikumbushwa na ni yapi unayajua kweli. Kama kuna mwalimu mwingine pale shuleni ambaye hajawahi kukufundisha, mkalishe yeye kwenye kiti cha mtahini.

Tatu ni ubao wa mji wa mfano, ule wenye barabara zilizochorwa na vigari vya kuchezea, ambao mtahini hukuhoji juu yake. Huu hufanyiwa mazoezi nyumbani bila gharama. Chora kwenye boksi la katoni mzunguko mmoja, makutano mawili, kivuko cha pundamilia na maegesho, kisha tumia kiberiti kama gari. Sema kwa sauti unachofanya. Mdomo ambao haujawahi kuyatamka maneno hayo hukauka mbele ya mtahini hata kama jibu unalo.

Asubuhi yenyewe

Panga karatasi usiku: kitambulisho halisi, leseni ya muda ya mwanafunzi, na chochote kile ambacho shule ilikwambia ubebe. Kutafuta kitambulisho saa kumi na mbili asubuhi ni njia ya hakika ya kufika kituoni moyo ukidunda kabla hujaona gari.

Viatu vina maana kuliko suti. Vaa vilevile ulivyovaa mazoezini, bapa, vyenye soli nyembamba. Buti la soli nene huuzuia mguu kuhisi klachi inapoanza kushika, na malapa huteleza kwenye pedali. Kiatu kipya kiachie siku ya kuchukua leseni.

Kula. Foleni inaweza kukuweka hadi mchana, na njaa huongeza mtetemo wa mikono ambao utausingizia woga. Viazi vitamu, mayai, ndizi na karanga hukaa tumboni muda mrefu kuliko andazi na soda. Kikombe chako cha kawaida cha chai au kahawa hakina neno, lakini usiongeze cha pili na cha tatu "kuchangamka": baada ya takriban saa tano nusu ya kafeini bado huwa mwilini, kwa hiyo ile ya saa moja asubuhi bado itakuwa inapiga ngoma saa sita. Vinywaji vya kuongeza nguvu na miraa vina tatizo hilohilo na zaidi. Na tafadhali usikubali kidonge cha presha cha kuazimwa. Ni kweli kuna dawa, kama propranololo, zinazopunguza mapigo ya moyo, lakini zinaweza kumletea mwenye pumu shida kubwa ya kupumua, na mtu asiyezizoea huweza kupatwa na kizunguzungu akiwa kwenye usukani. Hilo ni jambo la kuzungumza na daktari wiki kadhaa mapema, kama lipo.

Foleni

Foleni ya watahiniwa ni kiwanda cha uvumi. "Leo amekuja yule mkali." "Jana wamepita wawili tu." Hakuna hata sentensi moja kati ya hizo itakayokusaidia kukata kona, kwa hiyo kaa mbali kidogo na wasimuliaji, hasa waliokwisha kufanya na kuanguka. Tembea, usikae kitako saa nzima. Miguu ikikaa bila kazi huanza kukaza.

Mapigo yakipanda, tumia pumzi, ila kwa namna sahihi. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu hadi sita au saba kama unayepoza uji. Mara tano hivi, karibu dakika moja. Kinachotuliza ni kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta, kwa sababu moyo hupunguza mwendo wakati hewa inatoka. Wanaovuta pumzi kubwakubwa za harakaharaka hujidhuru: hewa chafu hupungua mno kwenye damu, kichwa kikawa chepesi na ncha za vidole zikaanza kuwasha, nao wakaogopa maradufu.

Mbele ya ubao

Mkono unaotetemeka huonekana zaidi ukishika kigari kidogo. Egemeza kifundo cha mkono juu ya ubao kisha sukuma kigari kwa vidole, usikiinue. Hili lina faida mbili, kwa sababu kosa moja la haraka ni kukirusha kigari kutoka leni moja hadi nyingine kama kina mabawa, kikavuka mstari usiokatika.

Kabla hujakigusa, tazama kinaelekea upande gani. Kisha rudia swali kwa sauti: "Nitoke hapa kwenye maegesho niende hospitali, sivyo?" Sekunde tatu hizo si za kupoteza muda, zinakupa nafasi ya kuiona njia nzima. Halafu sema huku ukienda: natazama kioo, natoa indiketa, kwenye mzunguko napisha wanaotoka kulia kwangu, nakata kushoto kwa hiyo niko leni ya kushoto. Anayekwenda kulia au anayegeuka kurudi alikotoka huingia akiwa leni ya kulia na indiketa ya kulia, kisha hutoa ya kushoto akikaribia kutoka. Ukisema, mtahini anajua unajua. Ukinyamaza, anakiona kidole tu.

Usiposikia, omba arudie: "Samahani mkuu, umesema makutano ya kwanza au ya pili?" Hakuna anayeanguka kwa kuuliza hivyo, ila wapo wanaojibu swali ambalo hawakuulizwa.

Ndani ya gari

Hapa ndipo kuna jambo moja ambalo tungemwandikia kila mtahiniwa kwenye kiganja: muda kabla gari halijaondoka ni wako. Aliyetoka kwenye kiti ana urefu wake, na amekiacha kiti kilipomfaa yeye. Watahiniwa wengi hukaa hivyohivyo kwa kuona aibu kumsubirisha mtahini, kisha wakaendesha huku wakiifikia klachi kwa ncha ya kidole gumba.

Na hapo ndipo cherehani inapoanza. Kisigino kikiwa hewani na uzito wote umeegemea sehemu ya mbele ya wayo, msuli wa shavu la mguu huvutwa na kubanwa kwa wakati mmoja, ukaanza kurukaruka wenyewe, juu chini, juu chini, kama mguu wa fundi kwenye cherehani ya kukanyaga. Huwezi kuuamuru uache. Unachoweza ni kuubadilishia mkao. Sogeza kiti mbele hadi uweze kukanyaga klachi mpaka mwisho na goti likabaki limekunjwa kidogo. Ukiwa umesimama, weka gia huru, vuta breki ya mkono na utoe mguu kabisa kwenye klachi, ukauweke sakafuni. Wakati wa kuiachilia, gusisha kisigino sakafuni mapema kadiri gari linavyoruhusu, wayo uzunguke juu yake. Mtetemo huisha ndani ya sekunde chache, maana umeuondolea chanzo.

Fuata mpango uleule kila mara: kiti, vioo vitatu, mkanda, kuhakikisha gia iko huru, kuwasha. Ukifuata mpangilio mmoja, mikono hufanya kazi hata kichwa kikiwa kimetoroka. Kama viganja vimeloa, vipanguse kwenye suruali sasa, si barabarani.

Kuondoka kwenye mwinuko huwaangusha wengi, na sababu ni haraka. Breki ya mkono ikiwa imevutwa, kanyaga mafuta kidogo, pandisha klachi hadi usikie sauti ya injini ikizama na pua ya gari ikiinuka kidogo. Hapo simamisha mguu. Hesabu moja, mbili. Ndipo uachilie breki ya mkono, na klachi imalizie safari yake polepole. Hiyo "moja, mbili" ndiyo kubalansi klachi kwenyewe. Mguu uliokazwa na woga hupita pale mahali bila kupaona.

Gari likizima

Litazima, pengine. Kulizima mara moja si sawa na kuanguka. Hatari huja kwenye sekunde tano zinazofuata, mtu anapowasha gari likiwa bado kwenye gia likaruka mbele. Fanya hivi bila kusema neno la kujitetea:

1. Breki ya mguu, kisha breki ya mkono.
2. Klachi mpaka chini, gia huru.
3. Toa pumzi yote nje.
4. Washa, gia ya kwanza, tazama vioo na juu ya bega, ondoka upya.

Hatua ya pili husahaulika kuliko zote, kwa hiyo ifanyie mazoezi kwa kulizima gari makusudi mara kumi ukiwa na mwalimu.

Barabarani macho hubana. Dawa yake ni kuyapa kazi: kila unapobadilisha gia, tupa jicho kwenye kioo, tena geuza kichwa kidogo ili mtahini naye aone. Nong'ona unachokiona ikibidi, "boda kushoto, mtoto kando, matatu inasimama." Ukishughulika kutaja, hupati nafasi ya kukumbuka kona uliyoikata vibaya nyuma. Na kona hiyo iache hukohuko. Kosa dogo hugeuka makosa matatu kwa sababu dereva anaendelea kuliwaza baada ya kulipita.

Ukiambiwa kulia ukajikuta kwenye leni ya kushoto, nenda kushoto kwa usalama, useme: "Samahani, nimeingia leni ya kushoto, naendelea kushoto." Kukata ghafla mbele ya magari kwa ajili ya kutii agizo ni kosa kubwa kuliko kupotea njia. Kasi nayo: woga huwafanya wengine watambae, wengine wakimbie. Mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, lakini itazame geji, usiusikilize mwili, kwa maana siku hiyo mwili hausemi kweli.

Kurudi nyuma kuegesha kunahitaji klachi nusu na breki, mafuta karibu hakuna. Ukiona gari limekaa upande, simama, nenda mbele, rudia. Kurekebisha kabla ya kugonga nguzo ni uendeshaji.

Ukishasimama mara ya mwisho, mwili hulegea mara moja na umakini unaondoka nao. Ndipo watu huteremka gari likiwa kwenye gia bila breki ya mkono, au wakaufungua mlango uso kwa uso na bodaboda. Gia huru, breki ya mkono, zima, fungua mkanda, kisha shika kitasa cha mlango kwa mkono wa kushoto, ule wa mbali. Bega litageuka lenyewe na macho yatatazama nyuma kabla mlango haujafunguka.