Beba Wikipedia kwenye simu kabla hawajaifunga

Waturuki walikuta Wikipedia haifunguki Aprili 29, 2017, lugha zote, kisa kurasa chache zilizoigusa serikali yao na vita ya Syria. Imekuja kurudi Januari 15, 2020, baada ya Mahakama ya Katiba kusema kule kufunga ni kinyume cha katiba. Usishangae kwa nini wamefunga yote, maana Wikipedia siku hizi inapita kwa https, yaani kurasa zinasafiri zimefichwa, kampuni ya mtandao inaona tu umeingia Wikipedia ila ukurasa gani haioni, kwa hiyo inafunga mlango mzima. China nao lugha zote zimefungwa tangu 2019.

Watu wanakimbilia VPN, zile programu za kupitisha intaneti yako kwa kompyuta ya nchi nyingine ili uruke kizuizi. Mimi hapana, leo inakubali kesho inagoma, nchi zingine ni kesi kabisa, halafu wakizima intaneti yote kama Uganda Januari 2021 hiyo VPN itapita wapi? We shusha mapema.

Tafuta programu inaitwa Kiwix, ya bure, ya kusoma Wikipedia bila intaneti. Ukiifungua nenda kwenye orodha ya vya kudaunlodi, chagua lugha. Ya Kiswahili ni ndogo, anza nayo. Ya Kiingereza yenye picha zote inapita GB 100 so achana nayo, chukua isiyo na picha au zile za mada moja, ya tiba kwa mfano iko poa sana. Vitabu vya Project Gutenberg, ile maktaba ya bure ya mtandaoni, navyo vimo.

Sasa sikia hili. Nilishusha faili la GB 6 kwenye laptopu kwa bando la usiku, asubuhi nakopi kwenye memori kadi inaniambia faili kubwa mno, na kadi ina GB 32 tupu! Kumbe kadi ilikuwa imefomatiwa kwa mtindo wa zamani unaoitwa FAT32, hiyo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ifomati iwe exFAT, mtindo mwingine unaopokea mafaili makubwa, ila toa picha zako kwanza maana inafuta kila kitu.

Likishaingia, mrushie na mwenzio, faili ni lile lile linaloishia na .zim. Au washa hotspoti ndani ya Kiwix, wenzio wanaunga Wi-Fi kwenye simu yako, wanaandika kwenye brauza anwani utakayoonyeshwa, wanasoma bila bando. Ila faili halijiongezi habari mpya lenyewe, mwaka na mwezi viko mwishoni mwa jina la faili, ukiona limechakaa shusha lingine.