Soma sindano ya kabureta ya SU kabla hujagusa nati

Mini, Morris Minor, MGB: gari nyingi za Kiingereza za zamani zina kabureta (kichanganya petroli na hewa) ya SU, na ndani yake kuna sindano mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya floti (boya), inafungua na kufunga petroli inayoingia. Kabureta ikimwaga petroli nje, anzia huko. Ya leo ni ile iliyoning'inia chini ya pistoni ya kabureta (si ya injini), ikashuka ndani ya jeti, tundu linalopitisha petroli. Unene wake ndio unaopima petroli.

Hatua ya 1: Chora alama kwenye deshipoti (kofia inayofunika pistoni) na mwili wa kabureta, kisha fungua skrubu. Nyanyua pistoni wima. Usiilaze mezani, iweke juu ya mdomo wa kikombe, sindano ikining'inia ndani. Sindano iliyopinda haifai kunyooshwa, nunua nyingine.

Hatua ya 2: Iguse kwa kidole. Ikikaa kama msumari, ni ya kukazwa, aina ya zamani. Ikiyumba na kurudi, ina springi na imeegemezwa makusudi upande mmoja wa jeti. Hizi zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Mng'aro wa upande mmoja kwenye sindano ya kukazwa maana yake jeti haiko katikati. Kwenye ya springi ni jambo la kutarajia.

Hatua ya 3: Legeza skrubu ndogo ya pembeni ya pistoni, chomoa sindano, usome herufi kwenye shina lake. Ni ndogo mno, tafuta lenzi. Mini ya cc 998 yenye kabureta moja ya HS2 hutumia GX. Ukitaka petroli zaidi kuna M, ukitaka kupunguza kuna GG. Usitafute mpangilio wa alfabeti hapo, haupo! Sindano hupimwa unene kila milimita 3.2 kuanzia begani (pale shina linapoishia), na mbili zinaweza kulingana kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, halafu zikaachana kabisa ukikanyaga mafuta.

Hatua ya 4: Kuirudisha. Ya kukazwa, bega lake liwe sawasawa na uso wa chini wa pistoni. Ya springi, alama ya kishikilio chake ielekee katikati ya matundu mawili ya pistoni. Hapa ndipo wengi hukosea, kisha lawama zinaiangukia plagi. Kwa ile ya kukazwa, iachie pistoni ishuke: ikigonga "tak", jeti imekaa katikati. Isipogonga, legeza nati inayoshika jeti, uisogeze hadi isikike.

Hatua ya 5: Injini ikishapata moto, inyanyue pistoni kiasi cha milimita moja tu. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ukizimika, imepungua. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, umefika. Gari lililosetiwa Mombasa likipandishwa Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, petroli itazidi. Hapo usibadili sindano kwanza, pandisha jeti kwa nati yake ya kurekebishia (si ile ya Hatua ya 4), pembe moja moja, ukipima kila mara.