Somo: Kushona seti ya agbada ya sherehe, kuanzia kitambaa hadi kuvaa

Kila msimu wa harusi unapokaribia ninaulizwa na wanachama wa kundi letu maswali yale yale mawili: agbada, yaani joho pana la sherehe la Wayoruba wa Nigeria, huchukua yadi ngapi, na kwa nini darizi ya shingoni imekunjamana. Ninaandika jibu lote hapa ili anayeuliza aelekezwe kwenye somo hili. Mimi ni fundi wa kanzu na majoho, na agbada nilijifunza mjini Ibadan, Nigeria, kwa mafundi wa Kiyoruba, ambao ndio wenye vazi hili.

Hatua ya 1: Jua vipande vyake. Seti ina joho la juu ambalo ndilo agbada, shati la ndani liitwalo buba, suruali iitwayo sokoto, na kofia iitwayo fila.

Hatua ya 2: Nunua kitambaa. Kwa mwanamume wa umbo la wastani, yadi 10 zinatosha agbada, buba na sokoto, na karibu nusu yake huliwa na agbada peke yake. Damaski nzito, yaani kitambaa chenye nakshi zilizofumwa ndani yake, hubeba darizi vizuri kuliko kitambaa laini. Msiiloweke damaski yenye mng'ao kabla ya kushona, kwa sababu maji huondoa ule ugumu na mng'ao ambao ndio mlioulipia.

Hatua ya 3: Pima. Buba na sokoto hupimwa kama nguo nyingine. Agbada haipimwi kifuani. Mvaaji hunyoosha mikono yote miwili pembeni, nawe unapima kutoka kifundo cha mkono mmoja hadi cha mwingine ukipitia nyuma ya shingo. Urefu huanzia begani na kuishia chini ya magoti, kati ya ugoko na kifundo cha mguu.

Hatua ya 4: Darizi. Someni hapa polepole, kwa maana ndipo nilipoharibu kitambaa cha bwana harusi katika mwaka wangu wa kwanza. Nilifanya nilivyozoea kwenye nguo nyingine: nilikata shingo kwanza, nikaunganisha mabega, kisha nikapeleka joho kwa fundi wa darizi. Mishono ya darizi ikiwa mingi na ya karibu karibu huvuta kitambaa na kukipunguza, na ukingo wa shingo iliyokatwa, kwa kuwa umepita mshazari wa nyuzi, hunyooka ovyo mahali unapopaswa kutulia. Joho liliporudi, duara la shingo lilikuwa limehamia upande wa kulia, mfuko wa kifuani umepanda juu, na kitambaa kizima cha mbele kimejikunja kama karatasi iliyolowa. Hapakuwa na pasi ya kulirekebisha. Nilinunua kitambaa kingine kwa fedha zangu, na bwana harusi alipata nguo yake usiku wa kuamkia sherehe.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Acha kitambaa cha mbele na cha nyuma kikiwa kizima, chora kwa chaki mahali pa shingo na mahali pa mfuko mkubwa wa kifuani, weka kitambaa kigumu cha kuegemeza upande wa ndani, kisha darizi ifanyike yote. Ikikamilika, piga pasi kwa upande wa ndani juu ya taulo nene, acha nguo ilale usiku mmoja, upime upya kutoka katikati, na hapo ndipo ukate shingo. Usikubali kuharakishwa na mteja katika hatua hii. Darizi ya mashine huchukua siku chache, lakini ya mkono huchukua wiki nyingi, na anayeitaka lazima aagize mapema.

Hatua ya 5: Unganisha pembeni, ukiacha nafasi pana ya mikono.

Hatua ya 6: Kuvaa. Ukingo wa mkono hukusanywa mkunjo kwa mkunjo na kulazwa begani, ili mikono ya buba yenye darizi ndogo ionekane. Mvaaji afanye mazoezi nyumbani, kwa kuwa joho huteleza mara kwa mara na kulirudisha begani ni sehemu ya adabu ya kulivaa.

Maswali ya wanachama

Swali: Nina yadi 6, si zitatosha?
Jibu: Hazitoshi seti. Soma hatua ya 2.

Swali: Fundi, nimeshakata shingo na darizi bado. Nifanyeje?
Jibu: Onyo lipo hatua ya 4. Kama kitambaa kilichobaki kinatosha, kata upande wa mbele upya. Kama hakitoshi, darizi mfuko peke yake kwenye kipande tofauti, ukishone juu ya joho, na uache shingo na ufito mwembamba tu.

Swali: Kwa nini usipendekeze lesi? Wanigeria wengi huivaa.
Jibu: Sikuikataza. Lesi imekwisha kudariziwa kiwandani, na nyingi ya ile ya thamani hutoka Austria, ambako viwanda vya jimbo la Vorarlberg vimekuwa vikiwauzia Wanigeria tangu miaka ya 1960. Somo hili linahusu nguo inayodariziwa na fundi.

Swali: Samahani mwalimu, nimesikia kuhusu aso oke. Ni kitambaa cha namna gani, na je, kinafaa agbada?
Jibu: Asante kwa kuuliza, dada yangu. Aso oke ndicho kitambaa cha heshima cha Wayoruba, na mji wa Iseyin umejulikana sana kwa ufumaji wake. Hufumwa kwa vipande vyembamba virefu, ambavyo hushonwa ubavu kwa ubavu hadi kupata upana wa nguo, kwa hiyo hesabu yake ni ya vipande na si ya yadi. Aina kuu za zamani ni tatu: sanyan ya rangi ya udongo mwepesi, iliyotokana na hariri ya mwituni, alaari nyekundu, na etu ya nili iliyokolea yenye mistari myembamba. Neno etu ni jina la ndege yule tunayemwita kanga, na sisi pia tuna nguo yenye jina lake. Kinafaa sana agbada, ila ni kizito, na darizi yake ipite juu ya maungio kwa uangalifu.

Mwanachama mwingine aongeza: Kabla ya kuchagua uzi wa rangi, loweka kipande chake na ukikamue ndani ya kitambaa cheupe. Mimi niliona uzi mwekundu ukichujia kwenye damaski nyeupe.
Jibu: Ni kweli, na nitaliongeza kwenye hatua ya 4. Kwa damaski nyeupe mimi hutumia uzi mweupe au wa dhahabu.

Swali: Inahifadhiwaje?
Jibu: Igeuze ndani nje, ikunje kwa kufuata maungio, na upitishe mkunjo mbali na darizi. Usiitundike kwa miezi, kwa sababu uzito wa darizi huvuta mabega.