Jinsi ya Kupeleka Shida ya Mtaa kwa Mchaguliwa, na Jinsi ya Kujua Kama Amesikia

Mvua zinapoanza hapa kwetu Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuelekea mwezi wa Novemba, na maji yakaanza kuingia viwanjani kwa sababu mfereji umejaa taka, swali lile lile hurudi midomoni mwa watu: hawa tuliowachagua wanatusikia kweli? Nimelisikia sokoni, kanisani na hata kilioni, na karibu kila mara hujibiwa kwa kicheko kifupi. Mimi sitalijibu kwa ndiyo wala kwa hapana, kwa kuwa jibu hutofautiana kati ya mchaguliwa mmoja na mwingine, na hata kwa mchaguliwa yule yule hutegemea namna alivyofikishiwa shida. Ninachoweza kueleza ni njia ya kumpima: namna ya kuipeleka shida ya mtaa mpaka asiweze kusema hakuiona, na namna ya kutambua kama kule kutikisa kichwa kwake mbele yenu kuna jambo nyuma yake.

Kosa la kwanza, ambalo hata sisi wa avenyu yetu tulilifanya, ni kubisha mlango usiohusika. Shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa, ndiye aliye karibu zaidi nasi, naye hujua kila kiwanja na kila ugomvi wa mpaka, lakini hakupigiwa kura; ameteuliwa na utawala, na kwa sheria ya mwaka 2008 kuhusu utawala wa maeneo, kartiye si miongoni mwa ngazi zenye mamlaka na bajeti zao zenyewe, kama zilivyo mji na komini, yaani zile sehemu za utawala ambazo mji umegawanywa. Mpitieni kwa heshima, kwa sababu shefu aliyerukwa anaweza kukwamisha mambo, ila msiishie kwake. Washauri wa komini, yaani wajumbe wa baraza lake, ndio wapya katika maisha yetu. Walipigiwa kura tarehe 20 Desemba 2023, siku moja na rais na wabunge, na ilikuwa mara ya kwanza kwa kura ya namna hiyo kufanyika chini ya Katiba ya 2006. Kwa kuwa uchaguzi huo uliishia kwenye komini za miji mikuu ya majimbo, wakaaji wa komini zetu saba, yaani Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi, walipata nafasi ambayo ndugu zao wengi wa vijijini katika jimbo letu la Haut-Katanga hawakuipata. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, komini ilikuwa na mkuu wake, burgumestri, aliyeteuliwa, bila baraza lililochaguliwa la kumwuliza pesa ya soko imekwenda wapi.

Basi gawanyeni shida kabla ya kuandika. Mfereji wa ndani ya kartiye, njia ndogo zinazounganisha avenyu, soko la komini na usafi wa mtaa ni mambo ya komini, na hayo apelekewe mshauri pamoja na burgumestri. Shida ikizidi mipaka ya mji na kuwa ya jimbo, mwenye kuibeba ni mbunge wa jimbo, ambaye anaweza kumwuliza gavana au waziri wa jimbo swali la mdomo au la maandishi na kudai jibu. (Tukumbuke kwamba si kila aliyeketi katika Bunge la jimbo amepigiwa kura na wananchi: hadi sehemu moja ya kumi ya viti inaweza kuwa ya machifu wa jadi walioingizwa kwa utaratibu wao.) Umeme na maji ni kazi ya SNEL na REGIDESO, ambazo ni kampuni za serikali, na hakuna mshauri wa komini mwenye uwezo wa kuziamuru zibadilishe transfo iliyoungua. Hata hivyo anaweza kuandika kwa cheo chake, akaomba mkutano na kuwapeleka wajumbe wenu, na hilo tu ndilo mliombe, kwa sababu ukimwomba mtu asichokiweza unampa njia nyepesi ya kukuahidi.

Mbunge wa taifa ana ugumu wake: yuko mbali. Katiba inaweka vikao viwili vya kawaida vya Bunge kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Desemba. Msipoteze vocha za simu kumfuatilia Kinshasa katika miezi hiyo. Mngojeeni Julai au Januari, anaporudi kuwaona watu wake, na mwe na karatasi zenu tayari. Jambo moja huwashangaza wengi hapa. Kifungu cha 101 cha Katiba kinasema kwamba mbunge huyo anawakilisha taifa, na kwamba agizo lolote la kumfunga kwa wapiga kura wake ni batili. Kwa hiyo ile karatasi ya ahadi ambayo vijana hupenda kumtilisha saini wakati wa kampeni haitawasaidia mahakamani. Ina faida moja tu, nayo si ndogo: ina tarehe.

Kuhusu pesa, ni vizuri kuingia ofisini mkijua mambo mawili ili msijibiwe haraka kwamba komini ni maskini. Kifungu cha 175 cha Katiba kinawatengea majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na sehemu ya fungu hilo inapaswa kushuka hadi mijini na kwenye komini; majimbo yamelalamika miaka mingi kwamba fedha hizo hazifiki zote, na lalamiko hilo lina ukweli. Lakini kuna mkondo mwingine ambao katika nchi ya shaba na kobalti hauwezi kupuuzwa. Tangu Kanuni ya Madini iliporekebishwa mwaka 2018, asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni haki ya eneo la utawala ambamo mgodi unafanya kazi. Kama komini yenu ina mgodi ndani ya mipaka yake, ulizeni kwa upole ni kiasi gani kimepokelewa mwaka uliopita na kimepangiwa nini. Ulizeni kwa maandishi. Swali hili, hata likikosa jibu, hubadilisha namna mnavyopokelewa mara ya pili.

Sasa tuje kwenye maandalizi, ambapo shida nyingi hufia. Barua yetu ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili zilizojaa maneno «tunateseka», «tumesahauliwa» na «mtuhurumie», pamoja na majina sabini chini yake. Tuliipeleka kwa mtu ambaye shida haikuwa yake, hatukubaki na nakala yenye muhuri, na hatukusikia neno lolote. Nilikasirika sana wakati ule. Leo nikiisoma ninaona kwamba hata mtu mwenye nia njema asingejua afanye nini nayo kesho asubuhi. Kwa barua ya pili, mzee mmoja fundi mwashi alitoka na mita yake ya mkanda, mtoto akashika ncha ya pili, wakapima mfereji kuanzia kwenye kona ya kioski hadi pale daraja dogo lilipoporomoka. Zilikuwa mita sitini na mbili. Tukahesabu nyumba ambazo maji yaliingia, tukaandika tarehe za mafuriko matatu, tukapiga picha kabla na baada ya mvua huku mtu amesimama ndani ya maji ili kina kionekane. Kazi yote ilichukua Jumamosi moja.

Barua yenyewe ibebe shida moja na ombi moja. Ukichanganya mfereji, umeme, wezi wa usiku na kelele za baa katika ukurasa mmoja, msomaji atachagua lile lililo rahisi kwake, au asichague lolote. Lugha ni jambo la kupima: Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya nchi, na ofisi hufanya kazi kwa Kifaransa; Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba, na ndiyo ambayo mama mwenye meza ya mboga ataisoma kabla ya kutia saini. Sisi tuliandika zote mbili, karatasi mgongo kwa mgongo, na nawashauri mfanye hivyo, kwa kuwa mtu aliyetia saini kwenye maneno asiyoyaelewa hujitenga mara tu anapoulizwa. Kiini cha barua kinaweza kuwa kifupi kama hivi:

«Mheshimiwa Mshauri, sisi wakaaji wa avenyu hii tunakujulisha kwamba mfereji wenye urefu wa mita 62 umeziba na daraja lake dogo limevunjika. Katika msimu huu maji yameingia mara tatu katika nyumba 17. Tunaomba uiweke kazi ya kuuzibua na kulijenga upya daraja hilo katika ajenda ya baraza la komini, kabla ya bajeti ya mwaka ujao kupitishwa. Sisi tutatoa mikono ya kuchimba. Barua hii ni ombi kwa mujibu wa kifungu cha 27 cha Katiba.»

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wenzake, na kinaitaka mamlaka hiyo ijibu ndani ya miezi mitatu. Tena kinasema kwamba hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kuchukua hatua hiyo. Kifungu chenyewe hakitaji adhabu kwa ofisi itakayonyamaza, kwa hiyo msikitumie kama fimbo. Kazi yake ni kuanzisha hesabu ya siku, na pia kuwatuliza wazee wanaoogopa kutia saini kwa kukumbuka nyakati ambapo jina kwenye karatasi lilikuwa hatari. Kwa kuwa mamlaka inayotakiwa kujibu ni ofisi, msimpelekee mshauri peke yake. Mwishoni wekeni orodha ya wanaopewa nakala kwa taarifa: burgumestri, shefu wa kartiye na, mkitaka, mbunge wa jimbo. Kila mmoja akiona kwamba mwenzake naye amepata, ni vigumu kwa yeyote kudai kwamba barua haikufika.

Siku ya kuipeleka, nendeni watu watatu, akiwemo mwanamke mmoja angalau, asubuhi, na nakala mbili zinazofanana. Hapa ndipo subira inapohitajika. Mama wa sekretarieti alipokea yetu, akaigeuza, akaiweka juu ya rundo na kusema: «Iacheni tu hapa, baba, ataisoma.» Mzee wetu akajibu bila kuinuka kwenye benchi: «Aksanti sana, mama. Tunangojea tu muhuri kwenye nakala yetu, kisha tutakuacha ufanye kazi.» Tulingoja karibu saa nzima. Mwishowe akafungua daftari la barua zinazoingia, akaandika namba, akapiga muhuri, akatia tarehe na saini. Namba hiyo iandikeni mahali pawili. Mkiombwa pesa ya muhuri, ombeni mpewe risiti ya malipo kwanza, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mara nyingi ombi la risiti hulimaliza ombi la pesa.

Baada ya hapo ombeni kuonana na mshauri mwenyewe, ikiwezekana mtaani kwenu, penye shida, wala si ofisini. Namna ya kumtambua anayesikia ni rahisi kuliko tunavyodhani. Anayesikia huuliza maswali: maji yanatoka wapi, nani anatupa taka usiku, kiwanja kile ni cha nani. Huandika. Husema waziwazi sehemu asiyoiweza, na hutaja siku ya kurudi. Asiyesikia huzungumza muda mrefu kuhusu chama chake, huwaambia kwamba shida imemgusa moyoni, kisha hutoa kitu. Kuweni waangalifu hasa na kitu hicho. Mifuko mitano ya saruji au noti za «kununulia watu maji ya kunywa» hupokelewa kwa makofi, na tangu saa ile shida ya komini inageuka kuwa zawadi ya mtu, ambayo haina bajeti, haina fundi, na haiwezi kudaiwa tena. Simwambii mtu akatae saruji wakati nyumba yake ina maji. Nasema iandikwe: nani ametoa, lini, mifuko mingapi, kwa kazi gani, na kwamba ombi la barua bado liko palepale.

Chagueni pia majira. Watu wengi huandika Januari, wakati maji yako magotini, ilhali katika mwezi huo hakuna anayechimba mfereji na bajeti ya mwaka imekwisha kupangwa. Barua inayopokelewa Mei au Juni hukuta ardhi kavu na mwaka wa fedha ujao bado haujafungwa. Miezi miwili baada ya muhuri, pelekeni barua fupi ya kukumbusha, yenye namba ya ile ya kwanza, nayo ipigwe muhuri vilevile. Miezi mitatu ikipita kimya, wekeni nakala zote pamoja na picha katika folda moja na kuipeleka kwa mbunge wa jimbo, mkiomba aulize swali la maandishi. Na mkiamua kuzungumza redioni, zungumzeni mkiwa na tarehe na namba mkononi, bila matusi kwa mtu, kwa sababu neno moja la tusi humpa mhusika sababu ya kujibu tusi na kuacha mfereji.

Barua yetu ya pili ilijibiwa siku chache kabla ya miezi mitatu kutimia. Mshauri alikuja kwa miguu, akapima kwa hatua zake kile ambacho mzee alikuwa amekipima kwa mita, akasema fungu la mwaka linatosha daraja dogo na nusu ya mfereji. Daraja limejengwa, na vijana wa avenyu walichimba. Nusu ya chini, mita thelathini hivi, bado imeziba, na barua mpya inayoihusu ina muhuri wa Juni. Namba yake iko kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari letu, chini ya ile ya zamani.