Heller za Tabora 1916: usitupe ile mbaya mbaya

Kama unataka kukusanya pesa za dharura za wakati wa vita, anza na kitu unaweza pata hapa hapa Kisumu. Vita ya kwanza Waingereza walifunga bahari, Wajerumani wa Tanganyika wakaishiwa na sarafu, basi 1916 wakajipigia heller zao (vipande vidogo vya rupia yao) kwa karakana ya reli Tabora, brasi ya maganda ya risasi na skrepa yoyote iliyokuwepo. Na vile wanaume wa Nyanza na Western walichukuliwa Kariakor, kile kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kubeba mizigo huko, si ajabu moja iwe imelala kwa mkebe wa vifungo wa nyanya ya mtu.

Ongea na watu wa skrepa soko la Kibuye, wale wanachambua brasi na kopa kabla ya kupima kwa kilo. Mwambie akuwekee chochote cha duara kiko na maandishi, mlipe juu ya bei ya kilo, atakukumbuka.

Ukiishika, tafuta taji, D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, jina la koloni lao), 1916 na T. Hiyo T ndio Tabora. Ukiona A au J hiyo ilitoka Ujerumani, na yenye tundu katikati pia si ya Tabora. Ya heller 20 ni kubwa, karibu milimita 29, ya heller 5 ni ndogo. Sasa washa tochi ya simu, iweke kando, angalia zile L mbili kwa HELLER: kuna zenye ncha imejikunja na zenye ncha kali, taji nayo kuna kubwa na ndogo, wakusanyaji wanatenganisha zote.

Sura mbaya isikutishe. Zilipigwa harakaharaka, kwa hivyo picha kukaa upande, maandishi hafifu, uzito kupishana, yote kawaida. Feki ni ile imemiminwa kwa kalibu, iko na vitundu vidogo na mstari ukingoni. Sumaku ikishika, rudisha. Na ukiletewa rupia 15 ya dhahabu yenye ndovu, usitoe hata bob kabla sonara aipime, maanake feki zimejaa.

Alafu usisugue! Limau, stiliwulu, Brasso, hapana kabisa, ile rangi ya kahawia ndio mnunuzi anataka. Matope loweka kwa maji safi, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini. Weka kila moja kwa bahasha ya karatasi, si plastiki laini, inaotesha kijani, na kwa unyevu wetu wa ziwa tupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya sanduku la viatu. Juu ya bahasha andika uliitoa wapi na kwa ngapi.