Mtoto katoka madoa miguuni baada ya mafua? Mwangalie hivi

Hii naiandikia wazazi wenzangu wa hapa Mombasa. Mwanangu wa miaka 6 alishikwa na mafua ya kawaida, yale ya msimu ambapo chuo kizima wakohoa, yakaisha akarudi kucheza, halafu kama wiki 2 baadaye namuogesha naona vijidoa vyekundu miguuni na kifundo kimefura hataki kukanyaga. Duka la dawa tukaambiwa aleji, tukapewa mafuta ya kupaka. Haikuwa aleji, ilikuwa mishipa ya damu imevimba. Madaktari waiita Henoch-Schönlein, au kwa kifupi HSP, na siku hizi wengine wasema vaskulaitisi ya IgA.

Kwanza ujue inakujaje. Virusi vikiingia puani na kooni mwili watengeneza kingamwili, na zile zinazolinda pua, koo na matumbo ndio hizo IgA. Kwa watoto wengi zikimaliza kazi basi, zaondoka. Kwa wachache kuna IgA zenye kasoro, zinagandana zenyewe kwa zenyewe ndani ya damu halafu zinanasa kwenye kuta za mishipa ile midogo midogo kabisa, sasa chembe nyeupe zikiona vile zinavamia pale pale, ukuta wa mshipa unaumia, unavimba, unavuja, na damu ikitoka inakaa chini ya ngozi. Hayo ndio madoa. Kazi hiyo yote huchukua wiki 1 mpaka 3, ndio maana yatokea wakati mafua ushayasahau. Saa ingine chanzo ni bakteria wa kooni, lakini mafua ndio mengi. Na kwa vile sasa kinacholeta shida ni kinga ya mwili wenyewe, kumjaza mtoto antibayotiki hakuondoi madoa.

Kupima nyumbani chukua gilasi ya kioo, ikandamize juu ya doa. Upele wa joto au wa aleji kwa kawaida hupotea ukikandamizwa, haya hayapotei. Ngozi zetu nyeusi rangi haionekani vizuri, kwa hivo mtoe kwenye mwanga wa jua, pitisha vidole uone kama yameinuka, na angalia miguu yote mpaka makalioni, ndiko yanakopenda kukaa.

Sasa hapa tafadhali usikosee. Madoa hayapotei na mtoto ana homa kali, shingo ngumu, au amelegea hata kuamka ni shida, hiyo si ya kungoja asubuhi, panda tuktuk usiku huo huo, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Halafu sisi huku tuna dengi, nayo pia hutoa madoa, kwa hivo lazima apimwe damu: kwenye dengi chembe za kugandisha damu hushuka, kwenye HSP huwa sawa. Kabla hujajua ni ipi mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake, usimpe aspirini wala ibuprofeni.

Tumbo likimuuma si ajabu, mishipa ya matumbo nayo huvimba. Lakini akitapika kijani, au choo kina damu, au maumivu yaja na kwenda akijikunja, mbio hospitali, kipande cha utumbo chaweza kuingia ndani ya kingine.

Viungo na madoa wengi hupoa ndani ya wiki 4 mpaka 6, na kwa maumivu ya miguu mie nilimlaza tu, miguu nikaiinua juu ya mto.

Figo ndizo zilizoninyima usingizi. Figo zina vijishipa vingi vya kuchujia damu, na IgA zikinasa huko mtoto haumwi popote, yuwacheka, yuwala, kumbe mkojo unapitisha damu na protini. Mara nyingi huwezi kuona kwa macho, kwa hivo usidanganyike na mkojo wa rangi ya kawaida, ingawa ukiuona kama chai ya turungi au una povu lisilokwisha, au macho yamefura asubuhi, nenda siku hiyo hiyo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio mzuri, utie kwenye kikopo safi, watauchovya kijiti cha kupimia, kinabadilika rangi pale pale. Waambie wampime na presha, hata kama ni mtoto mdogo, wengi husahau.

Sie tulipangiwa kila wiki mwezi wa kwanza, halafu mara moja kwa mwezi mpaka miezi 6 itimie. Mwezi wa tatu nilitaka kuacha, mtoto mzima kabisa na foleni ya feri Likoni unaijua, lakini tukaendelea. Kila kipimo niliandika tarehe kwenye daftari. Kama mtoto mmoja kwa watatu madoa humrudia, haswa akipata mafua mengine, na yakirudi hata kidogo mpeleke akapimwe mkojo tena.