Kupiga picha Parthenon ikatoka poa
Jamani mkienda Athens msiishie kupiga picha kulekule juu Acropolis, kile kilima lilipo hekalu la kale la Parthenon, jioni pandeni kilima cha Filopappou, kipo kusini magharibi yake, jua likikaribia kuzama linapiga upande uleule unaouona na mawe yote yanakuwa ya dhahabu. Hapo vuta zumu, ukitumia lenzi pana ya simu jengo linabaki kama kibiriti. Ukiwa karibu na nguzo simu ishike wima kabisa, rudi nyuma badala ya kuielekeza juu, la sivyo nguzo zinalaliana. Ila kwenye kuediti usizinyooshe hadi mwisho, zile Wagiriki walizijenga zikiinamia ndani kidogo makusudi. Stendi ya kamera acha tu hotelini, pale Acropolis bila kibali hawakuruhusu kuitumia.